Gari Lisilochomekwa Waya

SEHEMU YA TISA

Msomaji, Jerusa hajasogea hata hatua moja tangu tulipomwacha. Yuko pale pale chini ya mabati ya kituo cha chai cha Kaptulwo, simu sikioni, na simu yenyewe imeshakatika.

Maneno ya mkwewe Kiptum, anayemwita Yeiyo, yaani mama, bado yalikuwa yanamgonga kichwani.

"Yeiyo, uchungu umemshika Chepkosgei. Tumemweka kwa gari ya Muchiri. Tumebeba na mbolea mifuko thelathini, lakini usijali, hii gari iko na nguvu. Tunapanda."

Tunapanda!

Neno hilo moja ndilo lililomtoa Jerusa jasho la baridi. Dakika tano tu kabla ya simu hiyo, karani huyu wa chai, mwanamke aliyekamata mawe ndani ya magunia ya watu kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amekamata siri ya gari linalojichaji lenyewe.

Kama umeokota gazeti leo tu, siri yenyewe ni hii. Muchiri, mfanyabiashara wa Litein, alileta kilori cha umeme akaapa kwamba hakichomekwi waya. Magurudumu yakizunguka, alisema, betri inajaa. Wazee si wajinga, walitaka ushahidi. Wakafunga tundu la chaji kwa kufuli, ufunguo akapewa Mchungaji Ndung'u, na kilori kikaanza kubeba chai.

Mwezi mzima kufuli halikuguswa. Mwezi mzima chaji haikuisha. Mzee Kipruto akasimama kanisani akasema kwa lafudhi yake, "Hii kari ni ya Mungu," na watu wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila aliyeuliza swali aliitwa Tomaso, na Jerusa ndiye aliyekuwa Tomaso mkuu. Leo hii saa tisa kanisa lote lilikuwa lipande mlima kuja kuliweka gari wakfu.

Kufuli lilikuwa halali. Hakuna aliyechomeka waya gizani. Ila kituo cha chai kiko juu ya mlima na kiwanda kiko chini bondeni, na hapo ndipo wazee walipopigwa chenga. Kila siku gari lilishuka na tani nzima ya majani mabichi, likajizuia kwa mota njia yote, na kule kujizuia ndiko kulikorudisha chaji kwenye betri. Kisha likapanda tupu. Chai ndiyo iliyokuwa ikilisukuma gari, na wenye chai wakashangilia gari.

Jumamosi, mvua ilipowazuia watu kuchuma, gari lilishuka tupu na kupanda tupu, na chaji ikapungua kama ya gari lolote. Jerusa aliiona hiyo kwa macho yake mawili.

Na sasa gari lilikuwa linapanda na mzigo. Mbolea mifuko thelathini, watu wanne, na mmoja wao ni Chepkosgei, mwanawe wa pekee. Mwaka juzi Chepkosgei alimpoteza mtoto wake wa kwanza nyumbani, akisubiri gari ambalo halikuja. Daktari wa Kapkatet alimwambia wazi kwamba huyu wa pili asithubutu kumzalia nyumbani.

Jerusa alipiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja yule yule, kutopatikana kule kule.

"Karani!" akaita Cate, mama mmoja kwenye foleni, gunia lake begani. "Unatupimia ama unachat?"

"Cate, njoo ushike mzani."

"Mimi?"

"Shika, nimekwambia!"

Foleni nzima ikageuka kutazama. Katika miaka kumi na tisa Jerusa hakuwahi kumruhusu mtu kuugusa mzani ule, hata mume wake. Alitupa kalamu, akavua gumbuti zilizokuwa zinambana, akakimbia pekupeku kuelekea bondeni.

Hakufuata barabara. Alikata katikati ya mashamba, kwenye vijia vya wachumaji, matawi ya chai yakimchapa mapaja. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya miti ya mlingoti. Tone la kwanza lilimpiga shingoni, la pili likamuuma. Halikuwa tone. Ilikuwa mvua ya mawe.

Alisimama kidogo asikilize. Kitu gani? Gari la Muchiri halina mlio, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Linakuja kama paka. Honi nayo ilikufa wiki iliyopita, na tangu hapo Kiptum akikaribia kona hutoa kichwa dirishani akapiga mluzi, kuku na watoto wakatawanyika.

Akausikia. Mluzi wa Kiptum, chini kidogo, upande wa Kona ya Tanki.

Kisha akasikia kitu kingine. Sauti ya mwanamke anayelia kwa uchungu, na Jerusa aliijua sauti ile tangu siku ilipozaliwa.

Alitokeza barabarani akiwa ametapakaa matope. Kilori kilikuwa mbele yake, hatua thelathini chini, kwenye sehemu kali kuliko zote za mlima ule. Kilikuwa kinapanda polepole kuliko bibi kizee mwenye mkongojo. Halafu kikasimama.

"Ongeza!" alipiga kelele Muchiri, aliyekaa kando ya dereva na simu kubwa magotini.

"Nimekanyaga mpaka mwisho!" akajibu Kiptum.

Gari likatetemeka. Halafu, bila mlio wowote, likaanza kurudi nyuma.

"Kiptum! Breki!" Jerusa alipaza sauti.

Kiptum alikanyaga breki ya mguu. Pedali ikazama hadi chini kama mtu aliyekanyaga ugali wa moto. Akapampu mara mbili, mara tatu, hakuna kitu.

"Haishiki! Muchiri, breki haishiki!"

"Si nilikwambia usiiguse hiyo! Hiyo inakula chaji!"

Naam. Hilo ndilo fundisho ambalo Muchiri alimpa Kiptum siku ya kwanza. Ukitaka gari lijichaji, breki ya mguu iache, acha mota ishike yenyewe. Kiptum akatii kama katekista. Mwezi mzima hakuna mguu uliogusa pedali ile, na mwezi mzima mafuta ya breki yalikuwa yanavuja tone kwa tone na hakuna aliyejua.

Kiptum aliivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote. Magurudumu ya nyuma yakashika, yakateleza kwenye udongo wa maramu na barafu, yakashika tena. Kitu kikakatika chini ya gari kwa sauti kavu.

"Mawe! Weka mawe!" Jerusa alikuwa ameshafika. Aliokota jiwe la kwanza aliloliona akalirusha nyuma ya gurudumu, gurudumu likaliruka. Kiptum akafungua mlango, akaruka nje, akaokota jiwe kubwa, akaliingiza chini ya gurudumu la nyuma.

Jiwe lilishika. Mguu wake ulikuwa bado uko chini ya gurudumu.

Sitawaeleza sauti iliyotoka. Mwenye kuwahi kuvunja kuni kavu gotini anaijua.

Gari likazunguka juu ya jiwe lile, makalio yakaingia kwenye michai, pua ikageuka kuangalia chini ya mlima. Likatulia. Mvua ya mawe ikaendelea kupiga turubai la nyuma kana kwamba hakuna lililotokea.

Kiptum alikuwa chini, ameuma mkono wa sweta asilie. Jerusa alimwangalia mara moja, akapita. Siyo kwamba hana huruma. Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa akilini mwake.

Alifunua turubai. Chepkosgei alikuwa amelala juu ya magunia matupu ya chai, katikati ya mifuko ya mbolea, uso umekuwa na rangi ya majivu. Pembeni yake alipiga magoti Nyathira, jirani mwenye duka karibu na kiwanda, mikono yake miwili imelowa mpaka viwiko.

"Yeiyo," alisema Chepkosgei. "Tumefika?"

"Karibu, mama. Karibu."

Nyathira alimvuta Jerusa karibu amnong'oneze. Huyu ni mama aliyezalisha majirani wengi bila kutetemeka, na sasa midomo ilikuwa inamcheza.

"Mama Chepkosgei, mtoto nitamshika mimi, hiyo usiogope. Lakini angalia hii damu. Ũũi, Ngai wakwa, Mungu wangu! Hii damu si ya kawaida. Huyu anataka daktari, na anataka sasa hivi."

Jerusa aliangalia. Alishika ubao wa gari asianguke, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hofu ilimpanda yote, kutoka nyayo hadi utosini, hofu ile ya mwaka juzi, alipokaa mlangoni na taa ya simu akisubiri gari.

Aliruka chini akamwendea Muchiri. Mfanyabiashara alikuwa bado kwenye kiti chake, anabonyeza bonyeza kioo cha simu.

"Chaji ngapi?"

"Mama, ikipumzika kidogo itajivuta..."

"Muchiri! Ngapi?"

"Mbili."

"Asilimia mbili. Kapkatet ni kilomita ngapi?"

Muchiri akainamia simu yake.

"Niangalie," alisema Jerusa. "Mimi nimeshika magunia ya mawe miaka kumi na tisa. Watu wa Kipkelion walikuomba hii gari kabla yetu, wabebee mahindi na maziwa. Ukawakatalia. Kwa nini?"

"Barabara ya huko..."

"Kwa nini, Muchiri?"

"Huko mzigo haushuki," alisema polepole.

"Enhe!"

"Lakini sikusema uongo, mama! Kufuli si mlifunga wenyewe? Si mliona inajichaji?"

"Ilichajiwa na chai yetu."

"Si ni kitu kimoja?"

"Nenda nyuma umwambie Chepkosgei ni kitu kimoja."

Muchiri aliteremka. Alisimama kwenye mvua, koti lake zuri linaloa, akaangalia kule nyuma ambako sauti ya Chepkosgei ilikuwa imepanda tena. Kwa dakika moja alionekana kama mtu. Alipanda akashusha mfuko wa mbolea, akashusha wa pili, akaita, "Tupunguze mzigo!" Nyathira naye akasukuma kwa mabega, Jerusa akapokea. Walishusha ishirini na kitu. Ndipo Muchiri alipoiona damu.

"Naenda kuleta msaada juu," alisema.

"Msaada gani? Juu kuna nini, mzani?"

Lakini alikuwa ameshaanza kukimbia. Alipofika mbali kidogo aligeuka, akaweka mikono mdomoni.

"Ikifika sifuri mota haishiki! Umesikia, mama? Isifike sifuri!"

Akapotea kwenye ukungu. Viatu vyake vya Litein vilionekana kwa mara ya mwisho vikiteleza kwenye kona.

Sasa walibaki wanne, na wa tano njiani. Juu, kilomita saba za mlima na hospitali ya Kapkatet. Chini, kilomita mbili na nusu, kiwanda. Kiwandani, walikopita kwa kuliamini gari la Muchiri, kulikuwa na zahanati ndogo, nesi Atuti, na lori lenye injini ya dizeli linalopiga kelele na kutoa moshi kama magari ya watu wenye akili. Kutoka hapo lami inazunguka kupitia Litein hadi Kapkatet.

Pua ya gari ilikuwa tayari inaangalia chini.

"Tunashuka," alisema Jerusa.

Kiptum aliinua uso kutoka matopeni. "Yeiyo, breki hakuna."

"Mota itashika. Si imeshika mwezi mzima?"

"Mota inapunguza mwendo tu. Kusimamisha kabisa ni breki ya mkono, na hiyo kamba imekatika, nimeisikia."

"Chini kwa kiwanda ni tambarare?"

"Ni tambarare."

"Basi itasimama yenyewe huko. Amka."

"Siwezi kukanyaga, Yeiyo. Huu mguu..."

"Nani amekwambia ukanyage? Nitaendesha mimi."

Jerusa aliwahi kuendesha kitu kimoja tu maishani, trekta ya marehemu baba yake, kwa gia ya kwanza, akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Alimshika mkwewe kwapani amwinue hadi kwenye mlango wa abiria. Kiptum akajivuta nyuma.

Unajua sababu. Kwao mkwe hamgusi mama mkwe, wala hakai naye bega kwa bega. Tangu amwoe Chepkosgei, Kiptum alikuwa hajawahi hata kumpa Jerusa mkono. Alikuwa akimsalimia kutoka mlangoni, macho chini.

"Nitakaa huko nyuma kwa mbolea," alisema, na jasho la maumivu linamtiririka.

"Kiptum, adabu yako nimeiona miaka minne na Mungu ameiona. Panda hapa unionyeshe hii gari."

Akapanda. Alijibana mlangoni kabisa ili bega lake lisimguse.

"Sasa nini?"

"Bonyeza hiyo. Sasa geuza hiyo kwa D. Kanyaga kidogo. Kidogo! Ikianza kwenda, achilia. Ukiachilia ndiyo inashika."

Gari likajikokota kutoka kwenye michai. Namba ya chaji kwenye kioo kilicho mbele ya usukani ikabadilika kutoka mbili kuwa moja.

Jerusa aliitazama ile moja kama mtu anayetazama nyoka sebuleni. Ikifika sifuri mota haishiki. Barabara ilikuwa inaanza kuinama. Akaachilia mguu.

Gari lilishuka. Lilishuka kwa uzito wake, na hapo akasikia chini ya kiti ule mvumo mdogo wa mota inayovutwa. Mwendo ukapungua. Lilikuwa limeshika.

"Mungu wangu, Mungu wangu, panda," Jerusa alinong'ona. Alikuwa anaiambia namba. Tomaso mkuu wa Kaptulwo, aliyeicheka namba ile mbele ya kanisa zima, sasa aliiomba kwa machozi.

Kona ya kwanza. Moja. Kona ya pili, karibu na mashamba ya akina Kimotho. Moja. Nyuma Chepkosgei alilia kwa muda mrefu, na sauti ya Nyathira ikamfuata, "Sukuma, mami, sukuma."

Mbili.

"Yeiyo!" Kiptum alisahau mguu. "Mbili!"

"Nimeona."

Tatu.

"Si unaona sasa?" alisema Kiptum, meno yakigongana. "Inajichaji!"

"Kiptum, nyamaza."

Lakini hata yeye alipata pumzi. Mabati ya kiwanda yalionekana kule chini, na moshi mweupe juu yake. Mvua ya mawe ilikuwa imefunika barabara nyeupe pe, magurudumu yalikuwa yanateleza kidogo kila kona, lakini mota ilishika, ikaachia, ikashika. Kilomita moja na nusu. Kilomita moja. Jerusa alianza kupanga. Nesi Atuti kwanza, halafu lori, halafu...

"Saa ngapi?" Kiptum aliuliza ghafla.

"Za nini?"

"Saa ngapi, Yeiyo?"

Jerusa alitupia jicho kona ya kioo. "Tisa na dakika tano."

Kiptum aliinamia mlango wake. Alifungua dirisha. Baridi na barafu vikaingia, na pamoja navyo ikaingia sauti ya ngoma.

Ilitoka chini, nyuma ya kona iliyokuwa mbele yao. Ngoma, kayamba, na sauti nyembamba za watoto, wengi, wanaimba pambio.

Jerusa alilijua pambio lile.

Alikuwa amesahau. Kanisa! Kanisa lote lilikuwa linapanda mlima kuja kuliweka gari wakfu, kwa miguu, kwa sababu Mchungaji Ndung'u alisema baraka haipandi pikipiki. Watoto wa Sunday school walikuwa wamepangwa mbele na matawi ya chai mikononi. Jerusa mwenyewe aliwasikia wakifanya mazoezi wiki nzima. Na aliyebeba bendera ya kanisa mbele ya watoto alikuwa Kipkorir, mume wake, kwa maana walipotafuta mtu wa kumwaibisha Tomaso walimchagua wa nyumbani kwake.

"Simamisha," alisema Kiptum.

"Na nini?"

Alikanyaga breki ya mguu. Ikazama. Aliivuta ya mkono, ikaja juu mkononi mwake, nyepesi, haina kitu upande wa pili. Mota ilivuma, ikashika kadiri ya uwezo wake, na magurudumu yakateleza juu ya mawe ya barafu. Gari likaendelea kushuka.

"Piga mluzi! Kiptum, piga mluzi!"

Kiptum alitoa kichwa dirishani. Alikunja midomo, akapuliza. Ilitoka hewa tu. Mdomo ulikuwa mkavu kwa maumivu na kwa woga. Akailamba midomo, akapuliza tena, na safari hii mluzi ulitoka, mwembamba, ukamezwa na ngoma na mvua.

Waliipita kona.

Barabara ilikuwa nyembamba hapo. Kulia, ukuta wa udongo mrefu kuliko mtu. Kushoto, ukingo, halafu michai michache, halafu mteremko hadi mtoni. Na mbele, wamejaa barabara yote kutoka ukutani hadi ukingoni, watoto. Arobaini, hamsini. Walikuwa wamejifunika magunia ya nailoni na makarai ya bati vichwani kwa sababu ya mvua ya mawe, na kila mmoja alikuwa ameinama akiangalia miguu yake asiteleze. Walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote. Mbele yao Kipkorir, bendera imemfunika uso.

Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Waangalie nini? Gari lile halina mlio. Hata wao walikuwa wamelisifia hilo kanisani.

"Kipkorir!" Jerusa alipiga ukelele. "Toeni watoto! Kipkorir!"

Ngoma ikajibu.

Hatua sitini. Hatua hamsini. Mikono yake ilipiga katikati ya usukani, ikapiga tena na tena, mahali ambapo gari lolote la binadamu lina honi.

Honi haikulia.

Aliyelia alikuwa mtoto. Nyuma yake, chini ya turubai, kati ya mifuko ya mbolea iliyobaki, mlio mdogo, mkali, wa hasira, wa mtu aliyeingia duniani dakika hiyo hiyo. Na sauti ya Nyathira ikapasuka, "Ni msichana! Mama Chepkosgei, ni msichana, na mama yake bado anapumua! Harakisha!"

Hatua thelathini.

Mbele yake watoto wa watu. Nyuma yake mjukuu ambaye hajamwona uso. Kulia ukuta, kushoto mto.

Jerusa akafumba macho, akaita jina la Mungu, akageuza usukani.